Mkia wa Gastrini

Mgonjwa amelala na njaa tangu jana usiku. Dawa zake za kutuliza asidi zilisimamishwa mapema, na asubuhi hii hajaruhusiwa hata chai. Muuguzi anampitishia mpira mwembamba puani, anamwambia ameze, ameze tena, mpaka ncha ya mpira ifike sehemu ya chini ya mfuko wa tumbo. Maji yaliyokaa humo usiku kucha yanavutwa na kuwekwa kando. Kisha kazi yenyewe inaanza: kwa saa nzima kila kinachotoka tumboni kinavutwa na kukusanywa, chupa moja kwa kila dakika 15, jumla chupa nne. Mate hayamezwi, yanatemwa kwenye bakuli, maana yakishuka yataharibu hesabu. Saa ikitimia, mgonjwa anachomwa sindano. Dakika chache baadaye uso unamwaka joto, pengine anasikia kichefuchefu, pengine tumbo linamsokota na kizunguzungu kinampitia. Ndani, tumbo limeanza kumimina asidi kwa nguvu zake zote. Chupa nne nyingine zinajazwa.

Hivyo ndivyo kipimo cha pentagastrini kilivyofanywa katika hospitali za Uingereza, na kwingineko duniani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Dawa iliyokuwa ndani ya sindano ile haikumponya mtu yeyote, wala haikukusudiwa kuponya. Ilitengenezwa ili kuliuliza tumbo swali moja: likisukumwa mpaka mwisho wa uwezo wake, linatoa asidi kiasi gani? Dawa za namna hiyo husahaulika upesi. Waliotupa vidonge vya kutibu tunawataja kwa majina. Waliotuwezesha kujua kinachotakiwa kutibiwa hatuwataji, na katika habari ya asidi ya tumbo deni letu kwao ni kubwa.

Tumbo lililotulia halielezi mengi. Mtu yuleyule anaweza kutoa asidi nyingi leo na kidogo kesho, kwa sababu ya hofu, au harufu ya chakula, au mawazo tu. Nguvu za hamali hazipimwi akiwa amejilaza kivulini; mpe gunia. Sindano ilikuwa ndiyo gunia. Asidi hutengenezwa na seli maalumu zilizomo katika ukuta wa tumbo, ziitwazo seli za parieta, na mtu mzima ana karibu bilioni moja za aina hiyo. Mwaka 1960 Card na Marks, waliokuwa wakifanya utafiti Edinburgh, walichukua matumbo yaliyokatwa na madaktari wa upasuaji, wakakadiria idadi ya seli hizo, kisha wakalinganisha na asidi ambayo wagonjwa hao walitoa walipopimwa kabla ya kupasuliwa. Vitu hivyo viwili vilikwenda pamoja. Mwenye seli nyingi alitoa asidi nyingi, mwenye chache akatoa kidogo. Kwa hiyo aliyekuwa akisoma hesabu ya zile chupa nne za mwisho alikuwa, kwa kweli, akihesabu seli za mtu aliye hai bila kumgusa kwa kisu.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Fundi wa maabara alipima ujazo wa kila chupa, kisha akadondoshea alkali ya nguvu inayojulikana, tone kwa tone, mpaka asidi yote ikabatilika. Kwa mtu wa kawaida saa ya kwanza, kabla ya sindano, hutoa milimoli chache tu, mara nyingi zisizozidi 5. Baada ya sindano kiasi hupanda mara nyingi zaidi, hadi 20, 30, hata 40 kwa saa. Wenye vidonda vya duodeni, ile sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, kwa jumla walikuwa juu ya wastani, ingawa wengi wao hawakutofautika na watu wazima wa afya. Hilo liliwakatisha tamaa madaktari waliotarajia kipimo kiwaambie nani ana kidonda na nani hana. Lakini pembeni kabisa mwa mizani, kipimo kilisema bila kigugumizi. Tumbo ambalo hata baada ya sindano halikutoa asidi yoyote lilikuwa limepoteza seli zake za parieta, na seli hizo ndizo pia zinazotoa kitu kinachouwezesha mwili kufyonza vitamini B12. Mtu wa namna hiyo aliyepungukiwa damu alikuwa amepata jibu la ugonjwa wake. Na upande wa pili walikuwapo wachache ambao tumbo lao lilimwaga zaidi ya milimoli 15 kwa saa kabla hata ya kuchomwa sindano, na sindano ikaongeza kidogo tu, kwa kuwa tayari walikuwa karibu na kikomo. Nitawarudia.

Kabla ya kipimo cha pentagastrini, maswali yaliyoulizwa tumbo yalikuwa na kasoro. Mwaka 1885 Ewald na Boas, huko Ujerumani, waliwapa wagonjwa wao mkate na chai, wakangoja, wakavuta kilichomo. Wengine baadaye walitumia uji. Lakini chakula chenyewe huizimua asidi, na kikichanganyika nayo huwezi tena kujua tumbo lilitoa nini. Katikati ya karne ya 20 ilikuwapo hata njia isiyohitaji mpira: mgonjwa alimeza rangi iliyofungwa kwenye chembe za resini, asidi ikaifungua, rangi ikafyonzwa, na mkojo ukatoka wa buluu. Ilimpendeza mgonjwa, maana kumeza mpira ni mateso, lakini jibu lake halikutosha kumwongoza daktari wa upasuaji.

Na daktari wa upasuaji ndiye aliyekuwa na shida kubwa kuliko wote. Tangu mwaka 1910, Schwarz wa Kroatia alipoandika kwamba pasipo asidi hapana kidonda, tiba ya vidonda sugu ilikuwa kupunguza asidi kwa kisu. Walikata sehemu kubwa ya tumbo. Kuanzia mwaka 1943, Dragstedt huko Chicago alikata neva za vagasi, zile zinazopeleka amri ya ubongo tumboni. Watu walifia mezani katika upasuaji huo, na waliopona wengi waliishi na kuharisha, kutapika, au kuona kizunguzungu kila walipokula. Kumkata mtu tumbo bila kujua linatoa asidi kiasi gani, na baadaye kutojua kama kisu kilitosha, ni jambo ambalo dhamiri ya daktari haikuweza kulivumilia milele.

Kiini cha hadithi hii kilikuwa kimekwisha kuonekana zamani. Mwaka 1902 Bayliss na Starling, wa University College London, waligundua sekretini, kitu kinachotoka kwenye utumbo, kinasafiri kwa damu na kuliamuru kongosho litoe maji yake. Neno homoni lilikuja miaka mitatu baadaye. John Sydney Edkins, mwanafiziolojia wa London, alijiuliza kama tumbo nalo lina mjumbe wake wa damu. Alichukua ngozi ya ndani ya sehemu ya chini ya tumbo, karibu na mlango wa kutokea, akaitengenezea mchuzi na kuuingiza kwenye mishipa ya damu ya paka waliolazwa usingizi wa dawa. Tumbo la paka lilitoa asidi. Mchuzi wa ngozi ya sehemu ya juu haukufanya hivyo. Mwaka 1905 alitangaza kwamba kipo kitu, akakiita gastrini.

Kisha bahati ikamgeuka. Mwaka 1910 Barger na Dale walitenga histamini kutoka kwenye ukungu unaoota kwenye nafaka ya rai. Mwaka 1916 Leon Popielski, katika mji wa Lwów, alimchoma mbwa histamini chini ya ngozi na kuona tumbo lake likimwaga asidi kwa wingi ambao hakuna aliyepata kuuona. Ilipofahamika kwamba histamini imo karibu katika kila kiungo cha mwili, likaja jibu rahisi: mchuzi wa Edkins ulikuwa na histamini ndani yake, basi. Gastrini ikafutwa vinywani mwa wanasayansi kwa miaka mingi. Edkins aliendelea kufundisha Bedford College, London. Naona alidhulumiwa, na kilichomdhulumu ni uvivu wa fani nzima, iliyoridhika na jibu kwa sababu lilikuwa jepesi. Mwaka 1938, miaka miwili kabla Edkins hajafariki, Simon Komarov huko Montreal alionyesha kwamba unaweza kuitoa histamini yote kwenye mchuzi wa tumbo na bado protini iliyobaki ikaamsha asidi. Edkins alikuwa ameona sawasawa.

Wakati huo huo histamini ilikuwa imeingia hospitalini kama kipimo. Ubaya wake ni kwamba haikugusa tumbo peke yake. Ilipanua mishipa ya damu, uso ukawa mwekundu, kichwa kikagonga, shinikizo la damu likashuka, na wenye pumu wakawa hatarini. Kwa hiyo madaktari walichoma kidogo, na kidogo hakifikishi tumbo kwenye kikomo. Mwaka 1953 Andrew Kay wa Glasgow alipata njia. Alimpa mgonjwa kwanza dawa ya kuzuia histamini, kama zile zinazotumika kwa mafua ya mzio na mwasho, kisha akachoma histamini nyingi, miligramu 0.04 kwa kila kilo ya uzito. Madhara mengi yakapungua. Asidi haikupungua hata kidogo.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo, kwa kuwa jambo kubwa lilikuwa limelala ndani ya kipimo hicho cha kawaida. Dawa ya kuzuia histamini ilizuia histamini kwenye mishipa ya damu lakini si tumboni. Maana yake vipokezi vya histamini, zile sehemu za seli inazojishikiza, si vya aina moja. Wengi waliona tofauti hiyo, wakaishukuru, wakaendelea na kazi. James Black aliifanya kazi ya maisha. Akiwa katika maabara za kampuni ya Smith Kline & French kusini mwa Uingereza, yeye na wenzake walitafuta kwa miaka kitu kitakachofunga aina ile ya pili, na mwaka 1972 wakaeleza dawa ya kwanza, burimamaidi. Mwaka 1976 simetidini iliingia sokoni Uingereza. Kwa mara ya kwanza mwenye kidonda alimeza kidonge na asidi ikashuka kweli. Black alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Lakini nimeruka. Turudi nyuma kidogo, mpaka Liverpool.

Rod Gregory alikuwa profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Liverpool, na Hilda Tracy alikuwa mwenzake wa maabara. Mwaka 1955 Zollinger na Ellison, wapasuaji wa Ohio, walikuwa wameeleza wagonjwa wawili wenye vidonda visivyokoma, asidi nyingi isiyo ya kawaida, na uvimbe katika kongosho. Walihisi uvimbe huo unatoa kitu kinacholiamuru tumbo. Mwaka 1960 Gregory na Tracy, pamoja na wenzao, walipata kipande cha uvimbe wa namna hiyo, wakautoa mchuzi, wakakuta unafanya kazi kama gastrini. Wagonjwa wale wachache wa pembeni mwa mizani, ambao tumbo lao halipumziki, walikuwa wanaamriwa na gastrini usiku na mchana.

Kujua kwamba kitu kipo si sawa na kukishika mkononi. Gregory na Tracy walifanya kazi na matumbo ya nguruwe kutoka machinjioni, mamia kwa mamia, wakikwangua ngozi ya sehemu ileile aliyoitaja Edkins, wakichemsha, wakichuja, wakitupa kisichohitajika na kujaribu kilichobaki kwa mbwa. Mwaka 1964 walitangaza gastrini safi, za aina mbili zinazokaribiana sana. Mwenzao wa chuo hicho hicho, mkemia George Kenner, alishughulika na muundo: mnyororo wa asidi amino 17. Baada ya kuujua, waliweza kuutengeneza wenyewe, na pia kutengeneza vipande vyake.

Na vipande ndivyo vilivyoleta mshangao. Walipojaribu kipande kimoja kimoja, walikuta asidi amino nne za mwisho peke yake zinafanya kila kinachofanywa na gastrini nzima. Zinaamsha asidi, zinaamsha pepsini, zinalikaza tumbo. Hizo 13 za mbele zinaongeza nguvu na kudumu kwa mjumbe katika damu, lakini maana ya ujumbe imo mkiani: triptofani, methionini, asidi aspatiki, fenilalanini. Na mwisho kabisa wa mkia pana kundi dogo la amaidi. Liondoe hilo, mkia haufanyi kitu. Sijui kama kuna ugunduzi mwingine wa fiziolojia unaonigusa kama huu. Mwili unajenga mnyororo mrefu, na sauti yote iko katika viungo vinne.

Kwa wenye viwanda vya dawa hilo lilikuwa na faida ya wazi. Mnyororo wa 17 ulikuwa mgumu na ghali kutengeneza. Wa nne ulikuwa rahisi. Wakemia wa kampuni ya ICI, Uingereza, walitengeneza mamia ya vitu vinavyofanana na mkia huo. Kilichochaguliwa kilikuwa na zile nne, na mbele yake beta-alanini iliyofunikwa kwa kundi la kuikinga. Jumla viungo vitano, ndiyo sababu ya jina pentagastrini. Sokoni iliitwa Peptavlon. Mwaka 1967 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika hospitali kadhaa kwa pamoja, na kipimo cha mikrogramu 6 kwa kila kilo kikawa cha kawaida. Asidi ilifikia kiwango kilekile cha histamini nyingi ya Kay, bila kuhitaji dawa ya kinga na kwa mateso machache. Kwa mgonjwa aliyekuwa na mpira puani kwa saa mbili na zaidi, mateso machache si jambo dogo.

Pentagastrini ilisaidia pia kumaliza ugomvi wa miaka 50, kama asidi inaamriwa na gastrini au na histamini. Burimamaidi ya Black ilipunguza asidi iliyoamshwa na pentagastrini, ingawa ilitengenezwa kuzuia histamini. Leo tunajua kwa nini. Gastrini huenda kwenye seli nyingine zilizo jirani, ambazo zikiamshwa hutoa histamini, na histamini hiyo ndiyo inayozisukuma seli za parieta kwa nguvu zaidi. Popielski na Edkins wote wawili walikuwa wameshika ukweli. Kila mmoja alishika hatua tofauti ya njia moja.

Dawa iliyopimia asidi ikawa mizani ya dawa za kuipunguza. Simetidini na zilizoifuata zilijaribiwa kwa kuwachoma watu pentagastrini na kuona ni kiasi gani cha asidi kinazuiwa. Kisha, mwaka 1988, ikaja omeprazo, inayofunga pampu yenyewe ya asidi ndani ya seli. Na kabla ya hapo, mwaka 1982 huko Perth, Australia, Warren na Marshall walikuwa wamewaotesha maabara bakteria waliojikunja, ambao sasa tunawaita Helikobakta pailori, na ikathibitika kwamba vidonda vingi vinatokana nao na vinapona kwa antibiotiki. Upasuaji wa vidonda ukaporomoka. Chupa nane za asubuhi zikakosa mwenye haja nazo, kwa sababu hakuna tena aliyehitaji kujua akate kiasi gani.

Pentagastrini ilikuwa bado na kazi nyingine, ambayo walioitengeneza hawakuifikiria. Ipo saratani ya tezi ya thairoidi inayoanzia kwenye seli zinazotoa homoni ya kalsitonini, na mara nyingine inarithiwa katika ukoo. Ilipogundulika kwamba pentagastrini ikiingizwa mshipani huzifanya seli hizo kumwaga kalsitonini, madaktari waliweza kuwapima watoto wa koo hizo kabla uvimbe haujaonekana: damu kabla ya sindano, damu dakika 2 na 5 baadaye. Watoto wengi walitolewa tezi mapema kwa kipimo hicho. Baada ya mwaka 1993, jeni liitwalo RET lilipotambuliwa kuwa chanzo cha saratani hiyo ya kurithiwa, kipimo cha jeni kilichukua nafasi kubwa ya kazi hiyo.

Na lipo jambo la tatu, geni zaidi. Mkia wa gastrini unafanana, katika asidi amino tano za mwisho, na mkia wa homoni nyingine iitwayo kolesistokinini, ambayo inafanya kazi tumboni na pia ndani ya ubongo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Kanada na Marekani walionyesha kwamba kipande cha viungo vinne, na pentagastrini yenyewe, vikiingizwa mshipani vinaweza kumletea mtu hofu kuu ya ghafla: moyo unakimbia, pumzi zinakata, anaamini anakufa, kisha baada ya dakika chache inapita. Wenye ugonjwa wa hofu hupatwa zaidi kuliko wengine. Nikisoma hayo nawafikiria wagonjwa wa miaka ya 1970 waliolalamika kwamba baada ya sindano walijisikia vibaya kwa namna wasiyoweza kuieleza. Dozi yao ilikuwa ya chini ya ngozi na ilipanda polepole, lakini huenda baadhi yao walikuwa wakisema kweli tupu kuhusu kitu ambacho madaktari wao hawakuwa na jina lake.

Leo pentagastrini haiuzwi tena Marekani, na katika nchi nyingi ni vigumu kuipata. Ila swali lake halijafa, na linawahusu hata wasomaji wanaonunua omeprazo katika maduka ya dawa ya Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura. Mtu anayemeza omeprazo kila siku, asidi yake ikishuka, mwili wake hutoa gastrini nyingi ili kulisukuma tumbo. Mtu ambaye seli zake za parieta zimekufa hutoa gastrini nyingi kwa sababu ileile. Na mwenye uvimbe wa Zollinger na Ellison naye ana gastrini nyingi. Damu ikipimwa, wote watatu wanaweza kuonekana sawa. Kinachowatenganisha ni asidi. Gastrini ikiwa imepita mara 10 ya kiwango cha kawaida na maji ya tumbo yana pH ya 2 au chini yake, uvimbe unakuwa karibu hakika. pH ikiwa juu, yaani asidi ni kidogo, uvimbe si maelezo ya kwanza ya kutafuta. Na hapo pana hatari, kwa kuwa ili kupata jibu safi omeprazo hulazimika kusimamishwa kwa siku kadhaa, na mwenye uvimbe huo akiachishwa dawa ghafla anaweza kutoboka tumbo au kutoka damu. Ndiyo maana kazi hiyo hufanywa chini ya uangalizi wa daktari bingwa, na mgonjwa asijiachishe dawa mwenyewe kwa sababu amesoma mahali kwamba gastrini yake iko juu.